Egemeo la mninga lililofunguka: jibu kwa seremala wa Isevya, Tabora

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni seremala ninayefanyia kazi nyumbani, Isevya, Tabora. Nilitaka kutengeneza egemeo la kiti lenye umbo la tao kwa kuunganisha mbao nyembamba za mninga. Nilipasua kanda 4, kila mmoja ukiwa na unene wa milimita 8, upana wa sentimita 6 na urefu wa sentimita 70. Nilizipaka gundi nyeupe, nikazikunja juu ya kalibu yenye nusu kipenyo cha sentimita 40, nikazibana kwa klempu 3 na kamba ya katani. Ilikuwa Oktoba, alasiri. Nilifungua baada ya saa 4. Tao likafunguka mdomo kwa sentimita 5 hivi, na kati ya tabaka kuna nafasi ambazo ukucha unapita. Jirani yangu, naye fundi, anasema nitafute gundi kali zaidi. Je, tatizo ni gundi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nakushukuru kwa kuandika vipimo vyote, kwa kuwa ndivyo vinavyoniwezesha kukujibu kwa hesabu badala ya kubahatisha. Jirani yako ana nia njema, lakini gundi kali zaidi, ikitumiwa katika kazi ile ile na kwa namna ile ile, ingekupa matokeo yasiyo mbali na hayo uliyoyapata. Umbo la tao hutokana na wembamba wa kanda, na mgandamizo uliosambaa sawasawa, na muda wa kutosha ndani ya kalibu. Gundi huhifadhi tu kile ambacho mambo hayo matatu yamekwisha kukitengeneza, na katika kazi yako yote matatu yalipungua.

Tuanze na zile sentimita 5, maana ndizo zinazoeleza kilichotokea. Kila ukanda unaokunjwa ukiwa mkavu hutaka kurudi kuwa mnyoofu. Gundi inapokauka, kanda zote zinakuwa mbao moja nene, na ile hamu ya kila ukanda ya kujinyoosha inakutana na ukaidi wa mbao nzima. Ukaidi huo hukua haraka kuliko unene wenyewe: mbao yenye unene maradufu ni ngumu kukunjwa mara 8, na yenye unene mara nne ni ngumu mara 64. Kanda zako 4 zikiwa zimeachana zina ukaidi wa 4 tu, lakini zikishikana zina ukaidi wa 64. Kwa hiyo sehemu ya mkunjo inayopotea baada ya kufungua klempu ni 4 kwa 64, yaani 1 kwa 16. Ukitaka kanuni ya kuiandika ukutani mwa karakana, zidisha idadi ya tabaka kwa yenyewe, kisha gawa 1 kwa jibu ulilopata; hiyo ndiyo sehemu ya mkunjo utakayoipoteza. Tabaka 4 hupoteza 1/16, tabaka 6 hupoteza 1/36, tabaka 8 hupoteza 1/64.

Sasa tuitumie kanuni hiyo kwenye egemeo lako. Tao lenye urefu wa sentimita 70 na nusu kipenyo cha sentimita 40 lina mdomo wa sentimita 61.4, nikimaanisha umbali wa moja kwa moja kutoka ncha moja hadi nyingine. Likipoteza 1/16 ya mkunjo wake, mdomo unafika sentimita 62.4. Ulipaswa kuona ufunguko wa sentimita 1 tu. Wewe umeona sentimita 5, na mdomo wa zaidi ya sentimita 66 maana yake ni kwamba nusu kipenyo kimetoka 40 kikavuka 60. Mbao ambayo tabaka zake zimeshikana haiwezi kujinyoosha kiasi hicho. Tabaka zako ziliteleza moja juu ya nyingine kwenye gundi ambayo bado ilikuwa mbichi ndani, na mahali pengine hazikuwa zimegusana kabisa. Zile nafasi unazopitisha ukucha ni ushahidi wa hilo.

Chanzo cha kwanza ni unene. Linganisha nusu kipenyo na unene wa ukanda mmoja: milimita 400 kwa milimita 8 ni mara 50. Ukanda mkavu wa mbao ngumu uliokunjwa kwa uwiano wa mara 50 unanyooka upande wa nje, na kubanwa upande wa ndani, kwa kiasi cha asilimia 1, na hapo umekaribia sana mpaka wa kuvunjika, hasa pale nyuzi zinapokatiza kwenda pembeni au penye kifundo. Watengenezaji wa mihimili ya mbao za tabaka huko Marekani, kazi ambayo mizizi yake ni hataza ya tao la tabaka aliyoipata Otto Hetzer wa Weimar, Ujerumani, mwaka 1906, hawateremki chini ya mara 100 kwa mbao ngumu. Sisi wa samani tunaweza kushuka hadi mara 80, hata 60 kwa mbao yenye nyuzi nyoofu, mradi kila ukanda ujaribiwe kwanza kwenye kalibu bila gundi. Kwa egemeo lako, basi, lenga unene wa milimita 4, ambao unakupa uwiano wa mara 100. Kanda 8 za milimita 4 zitakupa unene ule ule wa milimita 32, na mdomo wa tao hautafunguka hata milimita 3. Nguvu ya kuukunja ukanda mmoja itapungua mara 8, na nguvu ya kuzikunja zote kwa pamoja itakuwa robo ya ile uliyopambana nayo alasiri ile. Hakuna gundi inayouzwa dukani inayoweza kukupa nafuu kama hiyo.

Najua gharama yake. Msumeno wa mashine unakula milimita 3 hivi kila unapopita, na kila ukanda unatakiwa kupasuliwa ukiwa na milimita 5 ili randa ipate cha kusafisha, kwa hiyo kanda 8 za milimita 4 zinamaliza zaidi ya sentimita 6 za mbao na nusu ya mninga wako unakuwa vumbi. Inauma, hasa kwa bei ya mninga ya siku hizi, hata huko kwenu ambako mti huu unatoka katika miombo ya jirani. Ndiyo maana nashauri egemeo la kwanza ulifanye kwa mbao za paini, ujifunze mwenendo wa kalibu yako, kisha ndipo uupasue mninga. Wenye kupasua kwa msumeno wa mkono hupoteza kidogo zaidi kwa kuwa mstari hauendi sawa, lakini kazi inawezekana. Kwa mwenye msumeno wa meza, ukanda mwembamba uangukie upande wa nje wa diski, usibanwe kati ya diski na kizuizi, na usukume kwa kijiti, kamwe si kwa kidole. Vaa barakoa, kwani vumbi la mninga huwasha pua na kifua, na wapo mafundi ambao limewaletea pumu.

Pasua kanda zote kutoka ubao mmoja ulionyooka nyuzi, uziandike namba kadiri zinavyotoka, na uziunganishe kwa mpangilio huo huo. Pembeni mwa egemeo mistari ya mbao itafuatana, na mtu asiyejua atadhani umekunja kipande kimoja. Zipige randa siku ile ile utakayopaka gundi, au jana yake, si zaidi. Kisu cha randa kiwe kikali, kwa maana kisu butu huikandamiza na kuing'arisha mbao badala ya kuikata, na uso wa namna hiyo haunywi gundi. Jaribio lake ni rahisi: dondosha tone la maji juu ya ukanda. Likitandaa na kuzama, uso uko tayari. Likisimama mviringo, rudi kwenye jiwe la kunolea. Mninga hushika gundi vizuri ukisafishwa hivyo, na una sifa nyingine ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kwamba unavimba na kusinyaa kidogo sana unyevu unapobadilika. Kwa kazi ya tao hiyo ni neema.

Kuna jambo ambalo hukulitaja lakini nalihisi kutokana na urefu wa kanda zako. Chukua daftari, lishike mgongo, ulikunje: kurasa zinateleza moja juu ya nyingine na kingo zake zinakuwa ngazi. Kanda zako hufanya hivyo hivyo. Katika tao lako, tabaka ya nje inasafiri safari ndefu kuliko ya ndani kwa sentimita 4 hadi 5, yaani kila ncha inapata ngazi ya zaidi ya sentimita 2. Ukikata kanda zote sentimita 70 kamili, ncha hazitakuwa na mbao ya kutosha. Zaidi ya hayo, ncha ndiyo sehemu isiyotaka kukunjika hata kidogo: ukanda unapoishia hakuna kinachoendelea mbele yake kuuvuta, hivyo sentimita chache za mwisho hubaki nyoofu na kufungua mdomo kati ya tabaka. Kata kanda zenye urefu wa sentimita 90, na kalibu nayo iendelee na mkunjo huo huo sentimita 10 kila upande. Baadaye utazikata ncha zote mbili na kuzitupa, au tuseme kuzitunza, kwa kuwa zina kazi nitakayoieleza mwishoni. Na ikiwa uliwahi kufikiria kupiga misumari midogo ili kanda zisihame, usifanye hivyo kwenye ncha, maana ukizizuia kuteleza huku zinakunjwa, tabaka ya ndani itabenuka na kuacha pengo ambalo klempu haitaliziba.

Sasa kalibu. Wengi huchora mstari mmoja wa tao juu ya kipande kinene, wakaukata kwa msumeno, wakapata dume na jike, wakatarajia kuziweka kanda katikati na kubana. Hilo halifanyi kazi, kwa sababu upande wa ndani wa egemeo una nusu kipenyo cha sentimita 40 na upande wa nje una sentimita 43.2. Kalibu mbili zilizotoka kwenye mstari mmoja zina nusu kipenyo kimoja, basi zikikutana na mzigo wa milimita 32 katikati yake, zitabana mahali pamoja na kulegea pengine. Ukitaka kalibu mbili, kata mistari miwili iliyopishana kwa unene kamili wa mzigo, ukijumlisha na unene wa nailoni na mpira utakaoweka. Kwa karakana ya nyumbani naona ni heri kalibu moja tu, ile ya ndani. Gundisha vipande vya plaiwudi au mbao za paini hadi upate unene wa sentimita 6, sawa na upana wa kanda, ulainishe mkunjo wake kwa tupa na msasa mpaka kiganja kisisikie bonde, kisha utoboe upande wa ndani matundu makubwa ya kuingiza midomo ya klempu. Ukingo wa nyuma wa matundu hayo ufuate tao lile lile, ili klempu isimame wima juu ya mbao wala isivute kwa mshazari. Usidharau kulainisha: kila kibonde cha kalibu kitahamia kwenye tabaka ya kwanza, na kutoka hapo hadi ya nane.

Paka kalibu nzima nta ya nyuki ili gundi isiishike. Ninyi wa Tabora mnayo nta kuliko sehemu nyingi za nchi hii, lakini iwe mbali na kanda, na mikono ioshwe, kwa kuwa alama moja ya kidole chenye nta juu ya ukanda ni mahali ambapo gundi haitashika milele. Juu ya nta tandaza nailoni.

Kuhusu kubana, naomba tukae hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo kazi nyingi za majumbani zinapoharibikia. Watengenezaji wa gundi nyeupe hutaka mgandamizo wa kati ya kilo 7 na 17 kwa kila sentimita ya mraba, mdogo kwa mbao laini na mkubwa kwa mbao ngumu. Egemeo lako lina eneo la sentimita za mraba 420. Hata tukichukua kilo 10 tu, hiyo ni zaidi ya tani 4. Klempu moja ya kawaida inayokazwa kwa mkono inatoa mamia kadhaa ya kilo. Klempu zako 3 hazikuikaribia hesabu hiyo, na kamba ya katani, hata ukiikaza kwa kijiti, hulegea kadiri gundi inavyotoka pembeni na mzigo unavyopungua unene. Isitoshe, nguvu ya klempu haisambai mbali. Inashuka kama pembe ya nyuzi 45 kutoka pale mdomo unapogusa. Ukibana moja kwa moja juu ya ukanda wa milimita 4, tabaka ya kwanza inapata nguvu mahali padogo sana. Kwa hiyo juu ya tabaka ya nje weka kwanza ukanda wa ziada usio na gundi, wa plaiwudi nyembamba au bati, kisha juu yake vipande vifupi vya mbao nene ya sentimita 4 au 5 vilivyochongwa kufuata mkunjo, na klempu zikae juu ya vipande hivyo, moja kila baada ya sentimita 8 au 10. Hiyo ina maana ya klempu 9 au 10 kwa tao lako.

Ikiwa huna klempu 10, na wengi wetu hatuna, tumia mpira wa tyubu. Nasema hili kwa uzito wote, kwa maana si njia ya kubahatisha bali ni njia nzuri kuliko klempu chache. Kata tyubu ya gari au pikipiki iwe mishipi ya upana wa sentimita 4 hadi 5, ile ile ambayo waendesha baiskeli hufungia magunia ya mkaa. Anzia katikati ya tao, vuta mpira hadi urefuke nusu yake tena, na uzungushe kanda na kalibu kwa pamoja ukipita kwenye matundu, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Rudia mara ya pili na ya tatu juu yake. Mgandamizo unajumlishwa kwa kila mzunguko, na mpira, tofauti na kamba, unaendelea kuvuta hata mzigo unapopungua unene. Lipo sharti moja. Mpira unaozunguka kitu chenye kona nne hubana zaidi kwenye kona na kulegea katikati ya uso. Kwa hiyo ule ukanda wa ziada wa juu uupige randa mgongoni uwe na mviringo kidogo, mnene katikati na mwembamba kingoni, ili mpira ubane katikati ya upana wa sentimita 6 pia. Ukiwa na klempu zako 3, zitumie kwanza kuzikalisha kanda, moja katikati na mbili karibu na ncha, halafu mpira ufanye kazi iliyobaki.

Utaratibu wa kubana ni kuanzia katikati kwenda nje, pande zote mbili kwa zamu. Ukianzia kwenye ncha, umefungia hewa na mbao ya ziada katikati, na haitapata pa kutokea. Na kabla ya gundi kufunguliwa, fanya zoezi zima kavu, kuanzia ukanda wa kwanza hadi mpira wa mwisho, ukiwa na saa. Tazama pembeni kwa tochi kama kuna mwanga unaopita kati ya tabaka. Pengo ambalo hukuweza kuliziba kwenye zoezi kavu hutaliziba kwenye gundi.

Saa ni muhimu kwa sababu ya hali ya hewa yenu. Oktoba ndiyo kilele cha joto la Tabora, hewa ni kavu, na alasiri gundi nyeupe iliyopakwa kwa wembamba huanza kufanya ngozi ndani ya dakika 5 hivi. Tabaka 8 zina nyuso 7 za kupaka. Mtu mmoja mwenye brashi ndogo atakapofika wa saba, wa kwanza umeshakauka juu. Fanya kazi hii alfajiri, watu wawili, na mtumie rola ndogo ya rangi au kipande cha plastiki chenye meno. Gundi ya gramu 150 hadi 200 kwa mita ya mraba inatosha. Kwa kanda zako za sentimita 90 hiyo ni kama gramu 75 kwa kazi nzima, ongeza kidogo kwa itakayobaki kwenye rola. Ukishabana, gundi ionekane ikitoka kidogo kwa urefu wote wa pembeni. Mahali ambapo haitoki, ama hapana gundi ama hapana mgandamizo.

Sasa naweza kulijibu suala la gundi yenyewe. Gundi nyeupe ya seremala inafaa kwa egemeo la ndani ya nyumba, lakini ina tabia mbili ambazo ni lazima uzijue. Ya kwanza, haikauki ikawa ngumu kabisa. Hubaki na ulaini fulani, na tabaka zinazovutana usiku na mchana zinaweza kuiburuta polepole, hasa kiti kikiachwa juani. Kadiri kanda zinavyokuwa nyembamba ndivyo zinavyovutana kidogo, na kwa milimita 4 mimi sina wasiwasi nayo. Ya pili, ina maji, na maji hayo yanaingia kwenye kanda nyembamba na lazima yatoke. Maelezo ya kopo yanayosema saa moja yanahusu maungo manyoofu yasiyovutwa na kitu. Kwa tao, saa 24 ni kiwango cha chini kabisa, na 48 ni bora. Zile saa 4 zako zilikuta kingo zimekauka na katikati pabichi, na hilo peke yake lingetosha kulifungua tao.

Gundi ya epoksi ya makopo mawili hukauka ikawa ngumu, haiburutiki kirahisi, na hujaza mapengo madogo. Wanaotengeneza vitu vya kukaa kwenye maji, kama maboti yetu hapa ziwani Kigoma, wana sababu ya kuilipia. Ukiichagua, badilisha namna ya kubana: epoksi haitaki tani 4, na ukiikandamiza mno itatoka yote na kuacha mbao kavu. Mgandamizo wa kuzikutanisha tabaka unatosha, na mpira wa tyubu unaifaa sana. Usinunue ile ya dakika 5. Changanya kwa kipimo halisi kilichoandikwa, kisha uimwage kwenye sinia pana, kwa kuwa ikikaa kwa wingi ndani ya kikombe hujipasha moto yenyewe na kuganda ukiwa bado unatafuta rola. Vaa glavu, maana ngozi ikishaikataa epoksi haitaikubali tena. Kuhusu gundi ya viatu na magodoro, ile inayopakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke kabla ya kugusanishwa, usiitumie kamwe kwenye tao: haiziachi tabaka ziteleze wakati wa kukunja, na baadaye inaburutika kuliko zote.

Umeniuliza gundi, lakini naona nikuongezee kuhusu maji ya moto, kwani fundi mwenye mbao kaidi atashawishika kuyatumia. Yanasaidia ukiyatumia kabla, si pamoja na gundi. Mimina maji yanayochemka juu ya kanda, zikunje kwenye kalibu bila gundi, uziache siku kadhaa mpaka zikauke kabisa, ndipo uzifungue na kuzipaka. Zitakuwa zimeshajifunza nusu ya mkunjo. Michael Thonet, seremala Mjerumani, alianza miaka ya 1830 kwa kukunja mafungu ya kanda nyembamba zilizochemshwa kwenye gundi, na baadaye akahamia kwenye kukunja mbao nzima kwa mvuke, njia iliyozaa kiti chake namba 14 cha mwaka 1859. Mbao yake ilikuwa ya mti wa baridi unaokubali mvuke kwa urahisi. Mninga na ndugu zake wa miombo hawana utii huo, na kwa hiyo kwetu kanda nyembamba ndizo njia ya uhakika.

Ukishalitoa tao kwenye kalibu, usikimbilie kulichongea ndimi za kuliungia kwenye kiti. Liache wiki nzima ndani ya karakana, likiwa limesimama hewa ipite pande zote, mpaka maji ya gundi yaishe. Katika siku hizo unaweza kuona mdomo ukijifunga kidogo, na usishangae: mbao inayokauka hupungua unene lakini urefu wake haubadiliki, na tao lililopungua unene hujikunja zaidi. Likivuta unyevu, hufunguka. Kwa sababu hiyo egemeo lililotengenezwa Tabora wakati wa ukame, likipakiwa kwenye treni kuja huku kando ya ziwa wakati wa masika, litafunguka kiasi kidogo, na kwa mninga kiasi hicho ni kidogo kweli. Pima mdomo mara mbili kwa siku tofauti. Vipimo vikilingana, anza kuchonga. Vanishi iingie pande zote kwa idadi sawa ya mapako, ndani na nje.

Lile egemeo la kwanza halina sababu ya kuchomwa moto. Kupaka gundi mpya juu ya ile ya zamani hakusaidii, kwa sababu gundi nyeupe iliyokauka haipokei nyingine. Litenganishe kwa patasi pana, uzipige randa kanda zote nne mpaka gundi yote iondoke na zibaki na milimita 5, kisha uongeze mbili mpya za unene huo huo. Utapata uwiano wa mara 80, na tabaka 6 zinazopoteza 1/36 tu ya mkunjo. Kwa kuwa hizo nne zina sentimita 70, zitatosha egemeo dogo zaidi, la kiti cha mtoto kwa mfano, kwenye kalibu ile ile.

Na zile ncha nilizokuambia uzitunze: kabla hujachonga ulimi hata mmoja, ibane moja kwenye jiliwa (kibano cha meza ya kazi), weka patasi juu ya mstari wa gundi na uipige nyundo. Mpasuko ukipita ndani ya mbao na kuacha nyuzi zimeng'ang'ania pande zote mbili, egemeo liko imara na unaweza kuendelea. Ukiona uso wa gundi uliolainika na kung'aa bila nyuzi, gundi ilikauka kabla tabaka hazijakutana. Ukiona mbao tupu yenye alama za randa, gundi haikufika au ilitoka yote. Jaribu kila mstari kati ya ile 7, katika ncha zote mbili, na uandike namba ya tabaka iliyoshindwa, maana mstari wenye kasoro kwa kawaida ni ule uliopakwa mwanzo kabisa, na hapo utajua kama unahitaji msaidizi wa pili au saa ya mapema zaidi.